Kuchagua Kitunza Nywila cha Kuendesha kwenye Seva Yako Mwenyewe

Kabla ya kulinganisha majina ya programu, amua ni nani atakayeihudumia seva, kwa sababu ukiondoka kwa kampuni inayokutunzia nywila, kazi ya kusasisha programu na kuweka nakala rudufu inakuwa yako. Kama huna nafasi ya kazi hiyo, huenda huhitaji seva hata kidogo: KeePassXC huhifadhi nywila zote katika faili moja iliyosimbwa (isiyosomeka bila ufunguo), unayoweza kuisawazisha kati ya vifaa vyako kwa Syncthing, programu ya kunakili faili kati ya vifaa. Udhaifu wake hujitokeza pale watu wawili wanapoihariri faili hiyo kwa wakati mmoja.

Kwa familia, mimi ningeanza na Vaultwarden, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Rust, ambayo haihitaji kompyuta yenye nguvu na hufanya kazi na programu za simu na za vivinjari za Bitwarden, kampuni ya kutunza nywila, ingawa si bidhaa ya kampuni hiyo. Kwa timu ya kazini, itazame pia Passbolt, ambamo kila mtumiaji ana jozi yake ya funguo za OpenPGP (kiwango cha usimbaji), mmoja wa kufungia na mmoja wa kufungulia.

Chochote utakachochagua, hakikisha kwamba data husimbwa kwenye kifaa chako kabla ya kufika kwenye seva, kisha uulize ni nini kinachobaki bila kusimbwa. Wavamizi waliponakili hifadhi za wateja wa LastPass, kampuni ya kutunza nywila, mwaka 2022, nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti zilisomeka wazi. Angalia pia namna nywila kuu inavyogeuzwa kuwa ufunguo: Argon2, mbinu iliyoshinda shindano la kimataifa la kulinda nywila mwaka 2015, ni bora kuliko PBKDF2, mbinu ya zamani zaidi, na ukilazimika kutumia PBKDF2-SHA256, mizunguko (mara ambazo hesabu hurudiwa) isipungue 600,000.

Usiifungue seva kwa intaneti nzima ikiwa WireGuard (VPN, yaani njia ya faragha ya kuifikia seva) inakutosha. HTTPS (muunganisho uliosimbwa) ni ya lazima, na usajili uufunge mara tu watu wako wanapokwisha kujiandikisha.

Tatizo ambalo wengi hulisahau ni nakala rudufu. Wapo wanaoisimba, halafu ufunguo wake wakauhifadhi ndani ya kitunza nywila kilekile! Uandike kwenye karatasi. Kisha, kabla ya kuhamisha nywila zako halisi, irejeshe nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, huku seva ya kwanza ikiwa imezimwa, uone kama unaweza kuingia.