Namna ya Kuchagua Baraza ya Kahawa Unguja na Pemba

Wageni wengi wanaofika Unguja hupelekwa Forodhani, kwenye bustani ya ufukweni, wakaoneshwa milango ya nakshi, kisha wakarudi kwao bila ya kukaa barazani hata mara moja. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, kwani habari za mji huu, za mpira, za bei ya samaki na za siasa, huanzia kwenye kikombe cha kahawa. Nitaeleza hapa namna ya kuichagua baraza na kukaa na wenyewe, pamoja na zile ninazozipenda mimi.

Chagua saa kwanza, pahala baadaye. Baada ya sala ya alfajiri hukaa watu wanaokwenda kazini, na mazungumzo yao ni mafupi. Baraza hukolea baada ya alasiri, hutawanyika kwa adhana ya magharibi, na hurejea tena baada ya isha. Mchana wa Ramadhani hakuna kahawa kabisa, lakini baada ya tarawehe watu hukaa mpaka karibu na daku, na huo ndio wakati ninaoupenda kuliko yote.

Kisha litazame dele, yaani birika la kahawa. Kahawa nzuri hukaa juu ya mkaa wa moto mdogo, ikachemka taratibu bila ya kufurika, na muuzaji aliyeikaanga buni na kuitwanga mwenyewe utamjua kwa harufu kabla hujafika alipo. Kahawa yetu ni chungu, haitiwi sukari. Wengine huongeza tangawizi au iliki, na utamu huutafuta kwenye kashata ya njugu au ya nazi. Kikombe hakina mkono, kwa hiyo kishike ukingoni kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, unywe kidogo kidogo, na mashapo uyaache chini. Ukimaliza, mrejeshee muuzaji kikombe chake mkononi. Huhitaji kulipa kila kikombe, kwani hesabu anayo yeye, nawe utalipa unapoondoka. Ukiweza kumlipia na aliyekaa karibu yako, fanya hivyo bila ya kutangaza.

Ninayoitanguliza ni Jaws Corner, pale vichochoro kadhaa vya Mji Mkongwe vinapokutana. Tangu kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992, pahala hapa pamejulikana kwa siasa za upinzani, kama inavyojulikana maskani (kijiwe cha siasa) ya Kisonge, kule Michenzani, kwa wafuasi wa CCM. Napapenda kwa sababu mabishano yake ni ya watu wanaojuana tangu utotoni, na aliyepaza sauti jana leo humnunulia kahawa mwenzake. Ukifika, toa salamu kwa wote, waamkie wazee shikamoo, ukae ukingoni na usikilize. Usianze wewe kuuliza habari za uchaguzi. Ukiulizwa rai yako, jibu kwa ufupi na kwa adabu. Picha usipige mpaka umeomba ruhusa, na hata ukiruhusiwa, ningekushauri uache.

Anayetaka utulivu na aingie ndani zaidi, kwenye baraza zisizo na jina. Hizi ni zile za mawe na chokaa zilizojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, ambazo wakati wa masika, maji yanapojaa kichochoroni, watu hupita juu yake. Kumbuka kwamba hiyo ni nyumba ya mtu: ukimwona mwenyewe, omba kukaa. Wanapocheza bao, usimwoneshe mchezaji kete ya kuanzia, hata kama umeiona.

Baraza za kahawa kwa kawaida ni za wanaume, na wanawake wana baraza zao, majumbani. Mwanamke mgeni anayetaka kahawa ya nje atastarehe zaidi Forodhani jioni, ambako hukaa watu na familia zao.

Pemba mambo ni ya taratibu zaidi. Chake Chake au Wete, usitafute baraza yenye sifa. Fuata mlio wa dhumna zikipigwa mezani baada ya alasiri. Mgeni huonekana mara moja na huulizwa anatoka wapi na ni wa nani, kwa hiyo jibu kwa ukamilifu, kwani huenda akatokea anayemjua mjomba wako. Ukiwa Wete, nunua haluwa kabla ya kwenda kukaa, uifungue mbele ya wenzio, na kahawa iagizwe baada ya hapo.