Jinsi ya Kusomea Uzamili wa Uhifadhi wa Maliasili Ukiwa Mombasa

Anayetaka kusomea shahada ya uzamili ya uhifadhi wa maliasili huanza mara nyingi kwa kutafuta chuo. Ni afadhali aanze kwa kutafuta swali la utafiti, kwa kuwa swali ndilo litakaloamua chuo, msimamizi, mfadhili na hata miezi ya kwenda uwandani. Mkazi wa Mombasa halitafuti mbali. Mikoko ya hori la Tudor hukatwa boriti na kuni huku ikipokea maji taka ya mitaa inayoizunguka. Ile ya Mwache, upande wa Port Reitz, ilikufa kwa wingi pale mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoleta udongo uliofukia mizizi yake ya kupumulia. Mwanafunzi akiuliza ni miche ya aina gani inayoota yenyewe pale palipokufa, mchu (Avicennia) au mkoko wenyewe (Rhizophora), na kwa sababu gani, tayari ana kazi ya kumtosha. “Uhifadhi wa mazingira ya Pwani” si swali; ni jina la wizara.

Swali likishapatikana, soma makala za watafiti wanaolishughulikia, kisha umwandikie mmoja wao barua fupi inayoonyesha kwamba umezisoma. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina makao yake Mkomani, na watafiti wake wamezoea kushirikiana na vyuo vikuu katika kusimamia wanafunzi. Kituo chake cha Gazi, kaunti ya Kwale, kiko karibu na mradi wa Mikoko Pamoja, ambamo wanakijiji huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu wao. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa kilomita zipatazo 60, hivyo si lazima uhamie Nairobi au Eldoret, isipokuwa kama msimamizi unayemhitaji yuko huko.

Masharti ya kujiunga hayatofautiani sana: vyuo vingi vya Kenya hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, na mwenye daraja la pili la chini huombwa aonyeshe uzoefu wa kazi. Masomo huchukua takriban miaka miwili, wa kwanza wa darasani na wa pili wa utafiti na tasnifu.

Kuhusu fedha, tenganisha ufadhili wa karo na ruzuku ya utafiti. DAAD ya Ujerumani, Commonwealth ya Jumuiya ya Madola na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hugharamia masomo. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti wa bahari. Chevening, ya Uingereza, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa hiyo aliyehitimu mwaka huu asipoteze muda nayo.

Vibali ndivyo vinavyochelewesha watu kuliko mitihani. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, chini ya sheria ya 2013, lakini haikufungulii kila mlango. Hifadhi ya bahari ya Mombasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo Huduma ya Misitu nayo lazima iarifiwe. Ukitaka kuingia kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, idhini iliyo na uzito ni ya wazee wa kaya wenyewe. Kwa wavuvi, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ukajieleze kabla ya kutoa dodoso; anayefika na karatasi mkononi bila salamu hujibiwa kwa adabu, na majibu hayo hayamsaidii.

Ratiba ya uwandani huifuata bahari. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji ya Mombasa hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3; una saa chache tu za kufunga kamba ya kipande cha mita 10 kwa 10 na kupima kila mti uliomo. Unene wa mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, ila mkoko, wenye mizizi inayoanza juu ya shina, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Andika kipimo papo hapo kwa penseli, maana wino huyeyuka.

Anayefanya kazi ya matumbawe ana sharti jingine. Kusi huvuruga bahari kuanzia Aprili hivi, na maji hutulia na kuonyesha chini wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Pendekezo lako likipitishwa Machi, utasubiri hadi kaskazi inayofuata. Kwa hiyo liwasilishe mapema, ili leseni ya NACOSTI iwe mkononi kabla ya Oktoba kwisha.