Somo: Kulitafuta Boma la Pwani Alikotumikia Babu Askari

Wengi wetu hapa Dodoma tumerithi maneno machache tu: babu alikuwa askari wa Mjerumani, akakaa boma la pwani. Yanatosha kuanzia, mradi usikimbilie ramani.

Kwanza, waulize wazee babu alifikaje pwani. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Kwa hiyo aliyeshuka kwa miguu kupitia Mpwapwa, kwenye njia ya misafara iliyoishia Bagamoyo, yaelekea aliondoka kabla ya hapo, na aliyepanda treni hadi Dar es Salaam aliondoka baadaye. Mzee asiyejua mwaka ataijua njaa. Ukiambiwa babu alirudi wakati wa Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, umepata tarehe ya kuaminika kuliko mwaka wa kukisia.

Pili, uliza namba ya kombania, yaani kikosi alichokuwamo babu. Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani lilikuwa na kombania 14, nyingi zikiwa bara: ya 4 ilikuwa Kilimatinde, ya 13 Kondoa. Pwani ilikuwapo ya 3 mjini Lindi na ya 10 Dar es Salaam. Familia ikitaja Bagamoyo au Pangani kwa miaka hiyo, fikiria kwamba huenda babu alikuwa polisi, kwani nao waliitwa askari.

Tatu, linganisha majengo kabla ya kukata shauri. Bagamoyo peke yake ina Ngome Kongwe ya mwaka 1860, ambayo Wajerumani waliikuta na kuitumia, na Boma walilojenga wenyewe mwaka 1897. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yaliko majalada ya enzi hiyo, ukikumbuka tahajia ya Kijerumani: Mpwapwa huandikwa Mpapua, na Bagamoyo Bagamojo.

Maswali ya wanachama

Swali, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Bibi alisema babu "alikaa gereza la Kilwa". Je, alifungwa?

Jibu: Marahaba. Usiwe na haraka ya kuhuzunika, kwa maana Gereza ndilo jina la ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani. Hata hivyo, utawala wa Wajerumani ulikaa Kilwa Kivinje, ng'ambo ya bara, kwa hiyo anza huko. Muulize bibi kama babu alishika bunduki na kupokea mshahara.

Swali, Mpwapwa: Sisi tumebaki na neno "shaushi" tu. Linatusaidia?

Jibu: Linasaidia nusu. Ni cheo cha sajini, kilicholetwa na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri mwaka 1889 chini ya Wissmann, kamanda wa Kijerumani, lakini Waingereza nao walikitumia katika KAR (King's African Rifles), jeshi lao la Afrika Mashariki. Ulizeni kama babu aliwahi kumtaja "sol" aliyekuwa juu yake; cheo hicho kilikuwa cha jeshi la Mjerumani.