Somo: Kumtafuta babu aliyekwenda vitani, ukianzia uvunguni mwa kitanda

Sanduku la bati la babu lilikaa uvunguni mwa kitanda cha bibi, hapa Chumbageni, tangu nina akili zangu. Hatukuruhusiwa kuligusa. Bibi alipofariki tulilifungua, tukakuta nyota ya shaba yenye utepe uliopauka, karatasi iliyokunjwa mara nne, na picha ya vijana watatu waliovaa kofia pana. Nyuma ya picha hapakuandikwa kitu. Mmoja tu ndiye tuliyemtambua, kwa sababu masikio yake tunayo nyumba nzima.

Kutoka kwenye sanduku lile hadi kujua babu alipita wapi ilinichukua miaka mitatu, na mwaka wa kwanza niliupoteza kwa kuanza pasipo. Nilikimbilia ofisini na mtandaoni, ilhali wazee waliomjua walikuwa hai mtaani. Wawili walitangulia mbele ya haki kabla sijabisha hodi kwao. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike somo hili kwa wana Tanga, na kwa yeyote ambaye mzee wake alikwenda na hakusimulia.

Hatua ya 1: Wazee kwanza

Usiende na swali la "alizaliwa mwaka gani". Mzee hakumbuki kwa kalenda, anakumbuka kwa watu. Muulize: aliondoka kabla ya kuoa au baada? Ni mtoto gani alizaliwa yeye hayupo? Aliondoka kwa treni, kwa meli au kwa lori? Aliporudi alikuja na nini? Kwetu jibu la swali la pili ndilo lililofungua mlango. Ami yangu mkubwa alizaliwa "baba yuko Bama", yaani Burma, Myanmar ya leo. Askari wa Afrika Mashariki waliingia Burma mwaka 1944, basi hapo tukapata mahali pa kusimama.

Tega sikio kwa maneno, maana kila neno lina mwaka wake. Akisema "vita vya Mjerumani" au "vita vya Mdachi", ni ile ya 1914 hadi 1918. "Vita vya Hitla" ni ya 1939 hadi 1945. "Keya" ni King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu. "Kuhabeshi" ni mapigano ya 1941 dhidi ya Waitaliano. "Bukini" ni Madagascar, 1942. "Selani" ni Sri Lanka ya leo, walikofanyia mazoezi ya msituni kabla ya kuvushwa kwenda Burma. Na ukisikia kwamba mzee "alishikwa Kariakoo", usidhani ni soko la Dar es Salaam. Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi wa Mwingereza katika vita vya kwanza, na mtaa ule wa Dar ulipata jina kwa sababu wapagazi hao walipiga kambi pale.

Hapa Tanga tuna neno letu wenyewe, Vita vya Nyuki. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Mwingereza zilifika na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakateremshwa upande wa Raskazone. Mjerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu elfu moja na kidogo, wengi wao askari wa Kiafrika. Risasi zilipochana mizinga kwenye miti, nyuki wakatoka wakawauma watu wa pande zote mbili. Kufikia tarehe 5 Mwingereza alikuwa amerudi melini, akiacha nyuma mamia ya maiti na majeruhi. Mji wenyewe hakuupata mpaka Julai 1916, na Bagamoyo aliichukua Agosti mwaka uleule. Kwa hiyo kama wazee wa ukoo wako ni wa Tanga na wanasimulia nyuki, fahamu kwamba huenda babu mkuu alikuwa upande wa Mjerumani.

Jambo moja zaidi: wasikilizeni akina mama. Shangazi yangu ndiye aliyeniambia kwamba babu hakuweza kulala mvua ikipiga bati. Alitoka akakaa barazani mpaka iishe. Nilikuja kuelewa baadaye sana, niliposoma kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, matope yakiwafika magotini na malaria ikiwaangusha kila siku, mpaka wakaufikia mto Chindwin na daraja likajengwa Kalewa, Desemba 1944. Katika karatasi zote nilizopitia, hakuna palipoandikwa kwamba mtu fulani wa Tanga aliiogopa mvua maisha yake yote.

Hatua ya 2: Sanduku

Kabla ya kugusa kitu, piga picha kila kilichomo kama ulivyokikuta. Usisugue medali kwa ndimu wala kwa majivu, utafuta maandishi.

Nyota ya shaba yenye ncha sita ni ya vita vya pili. Kwenye duara la katikati imeandikwa ni ya wapi: Africa, Burma, au 1939–1945. Medali ya fedha ya 1914–1918 igeuze uangalie ukingoni, kwa sababu hapo ndipo walipochonga namba, jina na kikosi. Za vita vya pili nyingi hazina jina, hivyo usikate tamaa ukikuta ukingo mtupu.

Picha nayo inasema. Tazama bega la shati. Kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11, ile ya Burma. Kofia pana yenye ukingo uliokunjwa upande mmoja walivaa sana huko.

Kitu cha thamani kuliko vyote ni karatasi ya kuachishwa jeshi, kwa sababu ina namba yake ya jeshi. Karatasi hiyo usimwachie mtu. Mimi niliipeleka ya babu, ile halisi, kwenye ofisi moja niliyoamini ingenisaidia, wakaniambia niiache nirudi wiki ijayo. Niliporudi hawakuiona. Nashukuru binti yangu alikuwa ameipiga picha kwa simu usiku wa jana yake. Peleka nakala, halisi ibaki nyumbani.

Hatua ya 3: Jina

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Karani aliyekuwa akiandika hakujua kwetu jina hutamkwaje. Athumani ameandikwa Osman, Asmani, Othman. Selemani ni Suleiman au Suliman. Hamisi ni Khamis. "Bin" mara ipo, mara imegeuzwa "wa", mara imeachwa. Wengine walijiandikisha kwa jina la utani, wengine kwa jina la babu yao. Wapo pia waliotoroka nyumbani wakatoa jina la uongo ili baba asiwafuate. Keti na daftari, andika kila namna unayoweza kuifikiria. Kisha ongeza kabila, kijiji na jina la jumbe wa wakati ule, kwa sababu askari alipoandikishwa aliulizwa kwao wapi na mkubwa wao nani. Babu yangu nilimkuta kwenye tahajia ya saba.

Kikosi pia kina siri yake. Batalioni ya Tanganyika katika Keya ilikuwa ya 6. Vita vya pili vilipopanuka zikazaliwa nyingine zenye 6 mwishoni, ndiyo maana utakutana na 26 na 36, na hizo mbili zote zilifika Burma. Ukiona namba hizo kwenye karatasi, uko nyumbani.

Hatua ya 4: Kutafuta

Kama alifia vitani, anzia kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yao iko mtandaoni na ni bure. Inachukua waliokufa kuanzia Agosti 1914 hadi Agosti 1921, na kuanzia Septemba 1939 hadi mwisho wa Desemba 1947. Angalieni hiyo 1947: askari aliyekufa kwa maradhi miezi kadhaa baada ya vita kwisha naye anaweza kuwamo.

Kama alirudi salama, hayumo humo. Wake ni mtafutano mwingine. Jaribu Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako kuna mafaili ya wilaya ya wakati wa Mjerumani na wa Mwingereza. Kule Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, kuna shajara za vita za kila kikosi: kwa vita vya pili, fungu la WO 169 lina vikosi vya Afrika Mashariki, WO 172 vya Burma. Shajara haitamtaja babu yako, kwani waandishi wake waliwataja maofisa. Ila itakuambia tarehe fulani batalioni yake ililala wapi, ilivuka mto gani, ilipoteza watu wangapi. Mimi nilichukua tarehe hizo nikaziweka pembeni mwa maneno ya shangazi, na vitu viwili vile vikashikana kama jahazi na tanga lake.

Hatua ya 5: Nenda ukaone

Tanga mjini makaburi yapo, ya pande zote mbili. Nenda na watoto, asubuhi kabla ya jua kali. Ukifika Dar, simama kwenye sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Soma maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake. Wapagazi nao wametajwa pale, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa kwa jumla, bila majina. Zaidi ya wapagazi 90,000 wa upande wa Mwingereza peke yao walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa, na makaburi yao mengi ni porini. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawa na wengine, ikaomba radhi. Jina ambalo Tume haikuliandika, liandike wewe.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali, kutoka Muheza: Shikamoo mwalimu. Babu mzaa baba alikuwa askari wa Mjerumani. Nyumbani wazee hawapendi kulitaja, wanaona ni aibu, alikuwa upande ulioshindwa na watu wake walitesa wananchi. Nimkumbuke vipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mkumbuke kwa ukweli wote. Kama kuna mabaya aliyoyafanya na mnayajua, yaandikeni nayo. Lakini usidhani upande ulikuwa kitu kilichonyooka. Batalioni ya 6 ya Keya iliundwa 1917 kwa kuchukua askari waliokuwa wa Mjerumani. Mtu yuleyule alivaa sare mbili. Na mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wazee waliokuwa hai mshahara wao uliobaki. Kwa hiyo uliza nyumbani kama kuna aliyewahi kwenda kupokea fedha miaka hiyo. Hilo tu laweza kukuthibitishia.

Swali, kutoka Pongwe: Baba hakushika bunduki. Alikuwa dereva wa lori, halafu mpishi. Ndugu zangu wanasema huyo si wa kuhesabiwa.

Jibu: Waambie ndugu zako Watanganyika wapatao 87,000 walichukuliwa katika vita vya pili, na wengi wao walikuwa madereva, wapishi, wachimba barabara, wauguzi. Lori halikufika mbele lenyewe. Walioungwa kwenye vikosi hivyo walikuwa na namba ya jeshi kama wengine, basi mtafute kwa njia hizohizo, ila badala ya Keya andika kikosi cha uchukuzi au cha kazi.

Swali, kutoka Ngamiani: Kaka, kuna mtu ananiambia nimpe laki mbili anifungulie mafao ya babu huko Uingereza.

Jibu: Usimpe hata shilingi. Ni kweli wazee wetu walilipwa chini ya Mzungu wa cheo kilekile, na uchungu huo ndio matapeli wanaoutumia. Kutafuta jina ni bure.

Swali, kutoka Pangani: Assalamu alaykum. Mimi ni bibi wa miaka themanini na tatu, anaandika mjukuu wangu. Baba yangu aliondoka nikiwa mchanga. Ilikuja barua kwamba amekufa, basi. Hatuna kaburi, hatuna tarehe. Khitma yake tunaisoma lini?

Jibu: Waalaykumu salaam, shikamoo bibi. Mjukuu aangalie sehemu mbili. Kwanza Taukkyan, karibu na Yangon. Pale kuna makaburi zaidi ya 6,000 na ukumbusho wenye majina kama 27,000 ya wasiojulikana walipolala, wa Afrika Mashariki wakiwemo. Pili ukumbusho ulio Nairobi, kwa sababu wapo waliozama kabla ya kufika. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944, na karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa mizinga kutoka huku kwetu. Kwenye orodha ya Tume, pembeni ya kila jina la vita hivi, kuna tarehe. Mkiipata, hiyo ndiyo siku yake.

Msipoipata, fanyeni kama tulivyofanya nyumbani kwa kaka yake babu, ambaye hakurudi. Bibi mkuu alisoma khitma kila mwaka siku ileile barua ilipofika, siku ya tatu ya mfungo sita. Sisi tumeendelea hivyohivyo. Jina lake linatajwa kamili, na la baba yake na la babu yake, kisha ubani unazungushwa.