Nauli za London kwa Familia Yenye Watoto

Familia inayozuru London ifahamu mapema kwamba mabasi ya jiji hilo hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, na kwamba hakuna kondakta wa kumlipa, kwa hiyo kila mtu mzima anapaswa kuwa na kadi yake ya Oyster, yaani kadi ya nauli ya London inayowekwa fedha kabla ya safari, au kadi ya benki inayolipa kwa kugusishwa kwenye mashine. Kadi moja haiwezi kuwalipia watu wawili katika safari moja.

Watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure katika mabasi, na pia katika treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima aliyelipa, ambaye anaruhusiwa kuwa nao hadi wanne. Kituoni, pitieni geti pana pamoja. Wenye umri wa miaka 11 hadi 15 ndio wanaosahauliwa na wazazi wengi, jambo linalonisikitisha, kwani ukimwomba mfanyakazi wa kituo aweke punguzo la mgeni kijana kwenye kadi ya Oyster ya mtoto, atalipa nusu ya nauli ya mtu mzima kwa muda wa hadi siku 14.

Kwenye treni gusisheni kadi mnapoingia na mnapotoka, lakini kwenye basi ni wakati wa kupanda tu. Aliyeingia kwa kugusisha simu yenye kadi yake ya benki asitoke kwa kadi yenyewe, hata kama akaunti ni ile ile, kwa sababu mfumo utahesabu safari mbili zisizokamilika na kumtoza zaidi.