Mvinyo Mwekundu wa Japani na Vyakula Vinavyooana Nao

Mtu aliyezoea mvinyo mwekundu mzito wa Bordeaux, huko Ufaransa, akionja kwa mara ya kwanza ule wa Japani unaotengenezwa kwa zabibu za Muscat Bailey A, huenda akauona mwepesi na wenye harufu tamu kupita kiasi. Namwomba asiuhukumu ukiwa peke yake katika glasi, kwa sababu uzuri wake hujitokeza unapokutana na chakula, hasa chakula cha kwao.

Zabibu hizo zilianzia katika shamba la Iwanohara, mkoani Niigata, ambako mwaka 1927 Kawakami Zenbei alichanganya mzabibu chotara wa Kimarekani uitwao Bailey na ule wa Muscat Hamburg kutoka Ulaya, akitafuta mmea utakaostahimili unyevu na theluji nyingi ya huko. Mvinyo wake unanukia stroberi zilizoiva na una ukakasi mdogo sana. Unaponunua, soma lebo vizuri: tangu Oktoba 2018, chupa haiwezi kuitwa «mvinyo wa Japani» isipokuwa mvinyo umetengenezwa nchini humo kwa zabibu zilizolimwa humohumo, wala si kwa juisi iliyoagizwa kutoka nje.

Katika kuchagua chakula, angalia mchuzi kabla ya kuangalia nyama. Wajapani wana mchuzi wa kupaka uitwao tare, ambao hupikwa kwa sosi ya soya, sukari na mirin, yaani kileo kitamu cha mchele, hadi ukaanza kung'aa. Utamu huo huufanya mvinyo wenye ukakasi mwingi uwe mchungu mdomoni, ilhali huu wa stroberi huupokea bila shida. Anza na yakitori, vipande vya kuku vilivyotungwa kwenye vijiti mfano wa mishkaki. Agiza vya paja vilivyopishanishwa na vitunguu vya majani, na ukiulizwa kama unataka vya chumvi au vya tare, chagua tare. Tafuna mpaka uufikie ule ukingo ulioungua kidogo kwa makaa, kisha piga funda dogo: uchachu wa mvinyo utayaondoa mafuta ya kuku ulimini, sukari iliyoungua itabaki, na harufu iliyokukera glasini itakuwa kama kiungo ambacho mpishi alikisahau jikoni. Samaki aina ya mkunga wa kuchoma, ambaye naye hupakwa tare na kunyunyiziwa unga wa sansho wenye kuwasha ulimi, hufuata kanuni hiyohiyo.

Sukiyaki inahitaji uangalifu zaidi. Nyama yake ya ng'ombe, iliyokatwa nyembamba na kupikwa kwa soya na sukari, huchovywa katika yai bichi lililopigwa, na yai hilo huufunika ulimi kiasi kwamba mvinyo mwepesi kabisa hupotea. Hapo tafuta Muscat Bailey A iliyokaa katika pipa la mwaloni.

Kwa samaki wabichi nina tahadhari moja. Madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu yanapokutana na mafuta ya samaki huamsha shombo, kwa hiyo chaza na samaki wa nyama nyeupe ni afadhali uwaache kabisa. Jodari asiye na mafuta mengi, aliyelowekwa katika sosi ya soya, anafaa.

Weka chupa katika friji kwa muda kabla ya kuifungua, ili mvinyo ufikie takribani nyuzi 14 za Selsiasi, kwani ukinywewa katika joto la chumba ile harufu tamu hugeuka kuwa ya peremende.

Na ikiwa mezani pana nyama nene ya ng'ombe iliyochomwa kwa chumvi tu, bila tare wala sukari, usiilazimishe Muscat Bailey A kazi isiyo yake; fungua mvinyo wa zabibu za Merlot kutoka Shiojiri, mkoani Nagano, wenye ukakasi wa kutosha kuikabili.