Nyoka wa Saa 48: Namna ya Kumpata, Kumweka na Kumrudisha

Simchukui nyoka wa porini bila kuwa na swali. Huyu ni dume au jike? Magamba ya tumboni yako mangapi? Anapitaje kwenye mwanya mwembamba? Swali likipata jibu, nyoka anarudi alikotoka, na hata lisipopata jibu, kikomo changu ni saa 48. Anayetaka nyoka wa kufuga atafute aliyeanguliwa mikononi mwa wafugaji, kwa sababu wa porini akifungiwa mara nyingi hukataa kula, hupiga pua kwenye kuta za chombo mpaka ikachubuka, na huja na minyoo na utitiri wake. Hapa ninazungumzia kitu kingine kabisa: kumwazima kwa muda mfupi, kumtazama vizuri, na kumrudisha akiwa mzima kama alivyokuwa.

Kabla ya kutoka, ulizia sheria. Nchi nyingi zinataka kibali cha kukamata mnyamapori yeyote, hata kwa saa chache, na ndani ya hifadhi haguswi kabisa. Ulizia pia hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka na utafikaje huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na kuchelewa kupata tiba huongeza hatari ya kufa.

Mtambue kabla hujamgusa

Kama siwezi kumtaja nyoka kwa jina akiwa bado pale alipolala, nampiga picha kwa mbali na kumwacha. "Nadhani" haitoshi. Sehemu hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, maana watu wengi hutegemea alama moja waliyosikia tangu utotoni. Wanasema nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembe tatu. Koboko ana kichwa chembamba kirefu, na swila naye kichwa chake si kipana, ilhali nyoka wengi wasio na sumu hutanua mataya wakitishwa mpaka kichwa kinaonekana cha pembe tatu. Wanasema tazama mboni: iliyosimama kama ufa ni ya mwenye sumu. Chatu hana sumu na mboni zake zimesimama. Koboko na swila wana mboni za duara. Isitoshe, ukiwa karibu kiasi cha kuiona mboni, umeshakaribia kupita kiasi.

Yuko nyoka wa Afrika anayekula mayai ya ndege tu, wa jamii ya Dasypeltis. Karibu hana meno, na yai hulipasulia kooni kwa miiba ya uti wa mgongo, kisha ganda analitapika. Ukimtisha anajikunja, anasugua magamba mpaka yanatoa sauti kama mafuta yanayokaangwa, anajirusha akiwa ameachama. Anamwigiza nyoka mwingine mdogo mwenye sumu kali ambaye naye husugua magamba vivyo hivyo. Nampenda sana nyoka huyu, na ni kwa sababu yake sikubali kubahatisha: anayeweza kumchukua kwa makosa mlamayai akidhani ni wa sumu, kesho atamshika wa sumu akidhani ni mlamayai.

Utaalamu peke yake hauokoi mtu. Karl Patterson Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, aligongwa mwaka 1957 na Dispholidus typus mchanga, nyoka wa mitini mwenye chonge nyuma ya taya, aliyeletewa amtambue. Jeraha lilikuwa dogo. Aliandika dalili zake mwenyewe, na siku ya pili akafariki. Robert Mertens, Mjerumani, aligongwa mwaka 1975 na Thelotornis aliyekuwa akimfuga, yule nyoka mwembamba anayefanana na kijiti kikavu, akafa baada ya siku 18. Nyoka wote hao wawili walikuwa wakichukuliwa kuwa si tishio kubwa.

Na kuna weusi wadogo wanaong'aa, wanaoishi chini ya udongo. Wengi hawana madhara, lakini wa jamii ya Atractaspis wana chonge ndefu wanazoweza kuzichomoza kando bila kufungua kinywa. Hata ukimbana shingoni kwa ustadi, atageuza kichwa na kukuchoma kidole. Kwangu, mweusi mdogo wa ardhini haguswi kwa namna yoyote.

Anayeanza aende na mtu anayewajua nyoka wa eneo lile lile. Picha na vitabu vinasaidia, lakini nyoka wa aina moja hubadilika rangi kwa umri na kwa mahali.

Kutafuta

Nyoka hutafuta joto au kivuli kulingana na saa. Asubuhi, jua likiwa changa, wengi hujianika pembeni mwa vichaka na kwenye mawe. Jua likipanda wanajificha. Usiku wenye joto baada ya mvua ndio wakati wa wale wanaowinda gizani, na hapo unahitaji kurunzi nzuri, buti na suruali nene. Tembea polepole. Jicho lisitafute nyoka mzima. Litafute kipande cha mstari usiolingana na nyasi, au mng'ao wa magamba. Gamba lililovuliwa ni ishara nzuri pia: likiwa bado laini na lenye unyevu, mwenyewe huenda yuko hatua chache tu kutoka hapo.

Chini ya mawe, magogo, mbao na mabati chakavu ndiko ninakopata wengi. Simama upande mmoja, shika ukingo wa mbali kwa kulabu, yaani fimbo yenye ncha iliyopinda, kisha inua kwa kuvuta kuelekea kwako. Hivyo jiwe linabaki kama ngao kati ya miguu yako na kilichokuwa chini yake. Usiingize vidole mahali usipopaona. Ukishamtoa nyoka, lirudishe jiwe taratibu kama lilivyokuwa, tundu lake na unyevu wake vile vile. Jiwe lililogeuzwa na kuachwa hivyo hukauka chini, na wakazi wake wote, kuanzia mchwa hadi mjusi, hupoteza nyumba. Naona uchungu nikikuta bonde lililopekuliwa na mtu ambaye hakurudisha kitu.

Kuna wa kuachwa hata kama unamjua na hana sumu. Mwenye macho ya rangi ya maziwa yuko karibu kujivua gamba. Haoni vizuri na ngozi yake inaumia upesi. Mwenye uvimbe katikati ya mwili ametoka kula, na akisumbuliwa atatapika mlo ambao huenda aliusubiri kwa wiki kadhaa. Jike lililonenepa kuelekea mkiani huenda lina mayai au mimba. Waache.

Kumchukua

Weka kulabu chini ya theluthi ya kwanza ya mwili, inua kidogo, na mkono mwingine ubebe sehemu ya nyuma. Mwili wote uwe umeegemea kitu. Usimning'inize kwa mkia, kwani uti wa mgongo unaweza kuumia, na usimbane kichwa: nyoka aliyebanwa shingo anapigana, aliyebebwa kwa utulivu anatafuta pa kupita tu. Acha apite, mkono baada ya mkono. Huenda akakupaka majimaji yenye harufu kali kutoka mkiani. Ni ulinzi wake, sabuni itayaondoa.

Mfuko wangu ni foronya ya pamba, isiyo na tundu hata moja, niliyoigeuza ili mishono iwe nje. Nyuzi za ndani humnasa nyoka mdogo. Akishaingia, zungusha mdomo wa mfuko, funga fundo juu ya mzunguko, na ubebe kwa kushika juu ya fundo, mbali na paja lako. Kisha mfuko uingie kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Usiuache juani wala ndani ya gari lililoegeshwa hata kwa dakika chache. Nyoka hana jasho. Joto likizidi, anakufa haraka.

Kabla ya kuondoka, weka alama mahali ulipomtoa: jiwe lenyewe au gogo lenyewe, kwa picha na kwa ramani ya simu. Andika saa, joto na hali ya hewa. Bila alama hiyo huwezi kumrudisha kama inavyotakiwa, kwa hiyo bila alama hiyo simchukui.

Makazi ya muda

Kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana linatosha, urefu na upana wake vikijumlishwa visiwe pungufu ya urefu wa nyoka. Toboa matundu ya hewa kutoka ndani kwenda nje ili kingo zenye ncha zisimkwaruze pua, na yawe madogo sana, maana kichwa kikipita, mwili wote umepita. Chini tandika karatasi. Weka bakuli zito la maji lisilopinduka, na boksi dogo lenye mlango kama maficho. Maficho yasikosekane: nyoka asiye na pa kujificha hapumziki. Kwa aina nyingi za nchi za joto, upande mmoja uwe na nyuzi 28 hadi 30 na mwingine karibu 24, ili achague mwenyewe. Lakini chumba kikiwa na joto la kawaida, kwa muda mfupi hivi huhitaji taa wala chochote cha kupasha moto. Kontena likae mahali pa kimya, pasipofikiwa na jua la dirishani, kamba ikiwa imefungwa juu ya mfuniko.

Usimlishe. Saa 48 si kitu kwake.

Mtazame sasa, kwani hili ndilo ulilomletea. Akitoa ulimi, anakusanya harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Ncha mbili humwambia harufu imetoka upande gani. Mwache apite juu ya kioo au plastiki angavu uone magamba mapana ya tumboni yanavyoshika na kuachia. Mpitishe kwenye bomba pana: anakunja sehemu moja ya mwili kama springi, anajikaza ukutani, anavuta nyingine. Mkia mrefu wenye shina nene mara nyingi ni wa dume. Mpige picha juu, chini na ubavuni mwa kichwa, na mpime urefu kwa uzi uliolazwa juu ya mgongo wake, bila kumnyoosha kwa nguvu. Kumshika mara moja au mbili kunatosha.

Watoto watazame, wakiwa wamekaa chini na mtu mzima akiwapo; walio chini ya miaka mitano wasiguse. Nyoka mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, kwa hiyo kila aliyemshika yeye au maji yake anawe kwa sabuni.

Ukigongwa na nyoka usiyemjua kwa uhakika, nenda hospitali hapo hapo. Vua pete na saa, tuliza kiungo kisichezechezwe. Usichanje, usifyonze, usikaze kamba, usiweke jiwe jeusi. Sumu ikirushwa machoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali.

Kumrudisha

Mtu mwema huwaza kumpeleka nyoka mahali "pazuri zaidi". Nakataa kabisa. Nyoka anajua maficho yake, maji yake na njia za mawindo yake. Watafiti wa Marekani waliowahamisha nyoka-kengele mbali na makazi yao waliona wakizurura kupita kawaida na kufa kwa wingi kuliko wenyeji. Na kwa mazingira, kumhamisha nyoka kunaweza kuwa janga: Boiga irregularis, nyoka wa mitini aliyefika kisiwa cha Guam katika bahari ya Pasifiki na mizigo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliangamiza karibu ndege wote wa asili wa msituni.

Kwa hiyo anarudi kwenye alama ile ile, saa anayozoea kuamka: wa usiku jioni, wa mchana asubuhi jua likiwa pole. Usimmwage. Laza kontena ubavu, mdomo ukitazama maficho yake, kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Usimweke kwanza ukamfunika kwa jiwe, utamponda. Jiwe liwe mahali pake tayari, yeye aingie mwenyewe. Akikaa bila kusogea, mpe muda. Kama anachungulia na kutoa ulimi, yuko sawa.

Kama aliwahi kukaa chumba kimoja na nyoka wa kufugwa au kutumia chombo chao, usimwachie kabla ya kuongea na daktari wa mifugo, maana utitiri na ukungu wa ngozi wa Ophidiomyces husafiri kwa njia hiyo hiyo. Foronya ichemshwe, kontena na kulabu zioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini, zisuuzwe na kukaushwa juani kabla hazijamgusa nyoka mwingine.